Sura ya 5: Kikwazo ni Mchanga

Kila ninapotaja barafu ya baharini inayowaka moto, mtu huniuliza kuhusu Pembetatu ya Bermuda. Eti gesi hulipuka ghafla kutoka chini na kumeza meli! Porojo tupu. Barafu hiyo, yaani haidreti ya methani, ikiyeyuka hufyonza joto la mazingira yake, kwa hiyo hujipoza na kujipunguzia kasi. Tena, methani inayovuja kwenye kina kikubwa huishia kwenye maji kabla ya kufika juu.

Dhana ya pili haina uchawi, ila inapotosha zaidi: kwamba gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, nchini Tanzania, ndiyo haidreti hiyo hiyo. Sivyo. Ile imo katika matundu ya miamba, nayo husukumwa juu na shinikizo lake lenyewe kisima kikifika. Haidreti ni kitu kigumu: molekuli za maji zimejipanga kuwa vizimba, methani ikanaswa ndani. Mita moja ya ujazo hutoa takriban mita 160 za ujazo za gesi. Lakini ukiitoboa tu, hupati kitu. Sharti kwanza uivunje.

Njia kuu ni tatu: kuipasha joto, kuipunguzia shinikizo, au kuingiza kaboni dioksidi ichukue nafasi ya methani. Nilikusudia kuzipa nafasi sawa. Ya kwanza, hata hivyo, hupoteza nishati nyingi kupasha miamba isiyo na gesi, na ya tatu, iliyojaribiwa Alaska mwaka 2012, bado ni changa. Tubaki na ya pili, kwa sababu ndiyo iliyotupeleka Nankai, nje ya pwani ya Japani.

Machi 2013, meli ya Kijapani Chikyu ilisimama juu ya maji yenye kina cha mita 1,000 hivi. Kisima kilishuka mita 300 nyingine chini ya sakafu ya bahari. Pampu ilivuta maji kisimani, shinikizo likashuka, haidreti ikaanza kuachia gesi, na mwali ukawaka melini. Siku sita zilitoa takriban mita za ujazo 120,000. Kisha mchanga ukaingia kisimani, jaribio likakoma.

Ulitoka wapi? Huko Nankai haidreti imejaa katikati ya chembe za mchanga na kuzishika kama saruji. Unapoivuna gesi, unaiondoa saruji hiyo. Chembe zinaachana na kufuata maji yanayovutwa na pampu. Kwa maneno mengine, uzalishaji wenyewe ndio unaobomoa ukuta wa kisima. Vichujio vizito huzuia mchanga, lakini vikibana mno huzuia na gesi. Mwaka 2017 Wajapani walirudi na visima viwili: cha kwanza kilikwamishwa tena na mchanga baada ya siku 12, cha pili kikaenda siku 24.

China nayo, katika Bahari ya China Kusini mwaka 2020, ilitumia kisima cha mlalo na kupata mita za ujazo 861,400 kwa siku 30. Ni hatua kubwa, ila kisima kizuri cha gesi ya kawaida katika bahari kuu huweza kutoa zaidi ya hapo kwa siku moja.

Kwa hiyo ukisoma kwamba haidreti zitalisha dunia kwa karne nyingi, usiulize zipo kiasi gani. Uliza kisima kilidumu siku ngapi, na mchanga ulizuiwaje. Hadi leo, hakuna kisima cha haidreti baharini kinachouza gesi kibiashara.