Fahamu: Maharagwe ya Mulungu na damu ya watoto wa Bukavu

Mulungu, huko Kabare, kaskazini mwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuna kituo cha INERA, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo. Kwa kushirikiana na HarvestPlus, mpango wa kimataifa wa kuongeza virutubisho kwenye mazao, watafiti wake wamesambaza mbegu za maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Si mbegu za maabara za kutisha: zimepatikana kwa kuchanganya aina za maharagwe na kuchagua zilizo bora, msimu baada ya msimu.

Chuma kikipungua mwilini, damu hupungua, na wanaoumia zaidi ni wajawazito na watoto wadogo. Nyama ni ghali, lakini maharagwe yapo jikoni karibu kila siku, pembeni ya bugali na sombe. Tena mkulima akivuna huweka mbegu yake mwenyewe akapanda tena, bila kununua upya.

Februari 2025 waasi wa M23 waliteka Bukavu na serikali ya Kinshasa ikapoteza udhibiti wa mji. Katika hali hiyo, kungoja mradi wa serikali ni kukubali njaa. Wakulima wa Kabare na Walungu mlio na mbegu hizi, wagawieni majirani kabla ya mvua za Septemba.