Siri ya Kampuni si Mtaji wa Mtu

Jumamosi moja nilipanda matatu Ruiru nikielekea Thika. Kando yangu aliketi kijana niliyemfundisha zamani, sasa mhasibu wa kampuni ambayo hisa zake huuzwa katika soko la Nairobi. Tulipopita Juja aliniinamia sikioni: "Mwalimu, nunua hisa zetu kabla ya mwisho wa mwezi. Kuna jambo kubwa, bado halijatangazwa." Alidhani analipa fadhila.

"Mwanangu," nikamuuliza, "lau ningekunong'onezea maswali usiku wa kuamkia mtihani, ungejiita hodari?" Alicheka, kisha akanyamaza.

Wengi hudhani kosa hili ni mchezo wa matajiri usiomhusu mlalahoi. La hasha! Kila hisa inunuliwayo ina aliyeiuza. Huenda ni mwalimu mstaafu anayeuza akiba yake ili alipe karo ya mjukuu, asijue kwamba bei itapanda kesho kutwa. Faida ya mwenye siri ndiyo hasara ya asiyejua.

Si kosa kuzichunguza hesabu zilizochapishwa gazetini na kukisia vyema; huo ni usomi. Kosa ni kutumia habari uliyoaminiwa kazini, ambayo ingetikisa bei lau ingejulikana, ilhali umma haujaambiwa. Sheria ya Kenya inaliharamisha jambo hilo, na haimwachi huru anayemdokezea mwenzake.

Wala hii si hadithi ya Ulaya. Mwezi Oktoba 2018, kabla ya kampuni ya Kifaransa ya Rubis kutangaza kuwa inataka kuinunua KenolKobil kwa shilingi 23 kila hisa, hisa za KenolKobil zilinunuliwa kwa pupa isiyo ya kawaida. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ilizuia akaunti kadhaa za hisa, ikaanza uchunguzi. Soko ambalo watu wanaamini limepangwa hukimbiwa na wanyonge, na kampuni hukosa mtaji wa kujenga viwanda na kuajiri wanafunzi wetu.

Tulishuka Thika, tukaagana. Sikununua. Bei ilipanda kweli mwezi uliofuata, nami ningali nadaiwa karo ya binti yangu. Hata hivyo, muhula ule nilipowasimamia wanafunzi katika mtihani, niliweza kuwatazama usoni.