Mvuvi Naye ni Mtaalamu

Wako wadhanio kuwa elimu ya viumbe ni mali ya wenye shahada peke yao. Sivyo hata kidogo. Silikanti, samaki aliyedhaniwa kuwa amekwisha toweka duniani mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, alijulikana kuwamo katika bahari ya Tanzania mwaka 2003 kwa sababu wavuvi walimvua. Wavuvi wa Tanga nao wakaleta wengine walionaswa na majarife, na mwaka 2009 hifadhi ikaanzishwa huko. Lakini jarife lililofichua siri ndilo liuwalo. Basi, ndugu, mtaalamu na amwulize mvuvi, na mvuvi aandikishe alichokiona: mahali, kina na siku. Mali bila daftari hupotea bila habari.