Nondo Mdogo Aharibuye Nyanya

Mkulima apitaye mchana kati ya nyanya zake huenda asimwone kabisa nondo huyu. Mwili wake una urefu wa milimita 5 hadi 7 tu. Rangi yake ni kijivu iliyochanganyika na hudhurungi, na mabawa ya mbele yana madoadoa meusi. Mchana hujificha kati ya majani, na jua likisha kuchwa hutoka kuruka na kutaga. Wataalamu humwita Tuta absoluta. Wakulima wa Tanzania, wasio na haja ya Kilatini, wamempa jina la Kantangaze.

Jike mmoja aweza kutaga mayai yapatayo 260. Viwavi wake ndio adui mwenyewe. Kiwavi huingia ndani ya jani na kula nyama yake, akiacha ngozi ya juu na ya chini, hata jani likawa na mabaka meupe kama karatasi, kisha likakauka. Huingia pia katika tunda. Tundu lake ni dogo, na mara nyingi hufichwa chini ya kikonyo, kwa hiyo nyanya huonekana nzima sokoni kumbe ndani imeoza.

Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1917 Mwingereza Edward Meyrick, bingwa wa nondo, alimweleza kwa mara ya kwanza kutokana na nondo waliopatikana Peru. Mwishoni mwa 2006 alionekana Hispania, na mwaka 2008 alikuwa amekwisha fika Moroko, Algeria na Tunisia. Kisha alishuka kusini: Sudan, Ethiopia, Kenya, na mwaka 2014 Tanzania, katika mkoa wa Arusha. Mabawa yale hayakutosha kwa safari hiyo yote. Wanadamu walimbeba ndani ya masanduku na matenga ya nyanya.

Asipozuiwa aweza kumaliza shamba zima. Dawa peke yake haitoshi, kwani kiwavi amejificha ndani ya jani, na katika nchi kadhaa amekwisha kuzizoea dawa nyingi. Kwa hiyo hutumiwa pia mitego yenye harufu ya jike, ambayo huwavuta madume, na matunda yaliyoharibika huokotwa na kufukiwa. Viazi, biringanya na mnavu humlisha vilevile. Mnavu uotao kando ya shamba humhifadhi hata nyanya zikiisha kuvunwa.