Kujiajiri Marekani: Kampuni ipi inapunguza kodi?

WAAFRIKA Mashariki wanaoacha ajira nchini Marekani na kununua lori au kufungua huduma ya kutunza wazee hushtuka wanapofanya hesabu za mwaka wa kwanza. Mbali na kodi ya mapato, hukuta wanadaiwa kodi ya kujiajiri.

Kodi hiyo ni asilimia 15.3. Kati ya hizo, asilimia 12.4 huenda kwenye mfuko wa pensheni wa Social Security na asilimia 2.9 kwenye bima ya afya ya wazee, Medicare. Mwajiriwa hukatwa nusu tu, nyingine hulipwa na mwajiri. Anayejiajiri hulipa zote.

Kwa mfano, dereva mwenye lori anayebakiwa na faida ya dola 100,000 baada ya gharama hutozwa juu ya asilimia 92.35 ya faida hiyo. Atalipa takriban dola 14,130.

Wengi hudhani kusajili LLC kunatosha. LLC humkinga mmiliki ili mali zake binafsi zisichukuliwe kwa madeni ya biashara, lakini yenye mmiliki mmoja hutozwa kodi kama biashara ya mtu binafsi.

Nafuu hupatikana pale LLC hiyo inapoomba mamlaka ya kodi, IRS, itozwe kama S corporation. Ombi hufanywa kwa Fomu 2553, ndani ya miezi miwili na siku 15 tangu mwaka wa kodi uanze. Hapo mmiliki hujilipa mshahara, na faida inayobaki haiguswi na ile asilimia 15.3, ingawa hulipiwa kodi ya mapato. Dereva huyo akijilipa dola 60,000, yeye na kampuni yake watalipa dola 9,180. Ameokoa karibu dola 4,950.

Hata hivyo, mshahara lazima ulingane na kazi. Mhasibu mmoja wa jimbo la Iowa alijilipa dola 24,000 kwa mwaka huku akichukua faida kubwa zaidi ya hapo mara kadhaa. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba malipo ya haki ya kazi yake yalikuwa dola 91,044, naye akadaiwa tofauti.

Ipo pia gharama ya mhasibu, ritani za mishahara kila robo mwaka na ritani ya kampuni. Jimbo la California hutoza kampuni hizo angalau dola 800 kwa mwaka. Mwenye faida ndogo anaweza kujikuta nafuu yote imeishia huko. Tena mshahara mdogo leo ni pensheni ndogo kesho.

Mtego mkubwa zaidi kwa wahamiaji ni hisa. Raia na mwenye green card wanaruhusiwa kuwa wanahisa, lakini mgeni asiye mkazi wa Marekani haruhusiwi. Anayempa hisa kaka yake aliyeko Mwanza au Kisumu kwa kumshukuru kwa mtaji, anaipotezea kampuni hadhi hiyo, na kwa kawaida hairudi kabla ya miaka mitano bila idhini ya IRS. Shukrani hiyo itafutiwe njia nyingine, na mhasibu aulizwe kabla ya kusaini.