Moshi wa Meli

Zamani jahazi lilikuja pwani yetu kutoka Arabuni kwa kaskazi, likarudi kwa kusi, wala halikuacha moshi nyuma yake. Baadaye zikaja meli za makaa ya mawe, kisha meli za mafuta mazito, meusi kama lami. Moshi wa mafuta hayo una salfa idhuruyo mapafu, na hewa ya ukaa, ambayo huzuia joto lisitoke duniani, kama blanketi limzuiavyo mtu asipoe. Mwaka 2018 meli zilitoa karibu sehemu 3 katika kila sehemu 100 za hewa chafu za namna hiyo zitokanazo na kazi za wanadamu.

Tangu mwaka 2020 sheria ya mataifa imepunguza salfa katika mafuta ya meli, kutoka sehemu 3.5 katika 100 hata nusu ya sehemu moja. Lakini hewa ya ukaa haikuondoka kwa sheria hiyo. Kwa hiyo watu wanatafuta vitu vingine vya kuendeshea mitambo.

Cha kwanza ni gesi asilia, ipozwayo sana mpaka ikawa kama maji. Salfa yake ni haba mno. Lakini ndani yake mna methani, nayo ikivuja kabla ya kuungua, huzuia joto kupita hewa ya ukaa zaidi ya mara 80 katika muda wa miaka 20.

Cha pili ni mafuta ya mimea. Haya ni mema yakitokana na takataka. Lakini msitu ukikatwa ili kupanda michikichi, hasara yaweza kushinda faida.

Cha tatu ni amonia. Hii haina ukaa, lakini ni sumu kwa mabaharia na samaki. Tena amonia nyingi ya leo hutengenezwa kwa gesi asilia, na hewa ya ukaa hutoka kiwandani badala ya melini.

Mambo haya ni kama makaa ya miti. Jikoni moshi wake ni kidogo, kwa kuwa moshi mwingi ulikwisha kutoka porini, penye tanuri. Atazamaye jiko peke yake hahesabu sawasawa.

Wala upepo haukusahauliwa. Mwaka 2023 meli ya shehena, Pyxis Ocean, ilisafiri kutoka China mpaka Brazili, na mabawa mawili marefu ya kukinga upepo yakiisaidia mitambo yake.

Basi, ukisikia kwamba meli fulani haina moshi, uliza: Kinachoiendesha kimetoka wapi? Kikimwagika baharini, kitadhuru nini?