Namba Imeshuka, Sumu Bado Ipo

Kila maji yanapogeuka kijani naletewa swali lilelile: “Mtaalamu, tumemwaga mrututu bwawani na kihisi sasa kinasoma karibu na sifuri. Tunywe?” Msinywe.

Kihisi cha mwani hakipimi sumu. Kinamulika maji kwa mwanga wa buluu, wa nanomita 470 hivi, kisha kinasoma mwanga mwekundu unaotolewa na klorofili. Basi. Mwani ukifa, klorofili inaharibika na namba inashuka. Lakini sumu ya sayanobakteria, wale wanaotanda juu ya maji kama rangi iliyomwagika, kwa kawaida imo ndani ya seli zao. Mrututu unazipasua seli hizo, sumu inayeyuka majini, na huko kihisi hakioni kitu. Saa ile namba inapokufurahisha ndiyo saa ya hatari kuliko zote.

Watoto wameshaumia kwa jambo hili. Mwaka 1979, huko Palm Island, Australia, bwawa la maji ya kunywa lilitiwa mrututu baada ya watu kulalamikia ladha na harufu. Siku chache baadaye watu 148, karibu wote watoto, waliugua: maini yamevimba, wanatapika, wengine wanaharisha damu.

“Basi tutachemsha.” Mkichemsha mnaharibu zaidi! Maikrosistini, sumu inayojulikana kuliko zote za kundi hili, haivunjwi na moto wa jikoni. Seli zilizosalia zinapasukia sufuriani, mvuke unaondoka, sumu inabaki. Toledo, Marekani, Agosti 2014, watu wapatao nusu milioni waliambiwa wasinywe maji ya bomba na wasithubutu kuyachemsha.

Kazi ya kihisi ni kuonya mapema. Chukua chenye mwanga wa pili, wa rangi ya chungwa, unaosoma fikosayanini, rangi iliyomo ndani ya sayanobakteria, maana cha klorofili peke yake huwapunja sayanobakteria. Soma alfajiri, kwa kuwa jua kali hushusha namba. Futa lenzi, la sivyo unapima utelezi. Linganisha na sampuli ya maabara. Namba ikipanda usimwage kitu: shusha mdomo wa bomba chini ya utando, chuja seli zikiwa nzima, pitisha maji kwenye kaboni amilifu, kisha peleka sampuli ikapimwe sumu yenyewe. Kwa maji yanywewayo kila siku, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 ya maikrosistini-LR kwa lita. Namba hiyo haisomwi na kihisi chochote cha bwawani; idai maabara kabla hujachota.